Maswali ya Wasomaji: Gari la Toleo Dogo, Bei Yake Inapimwaje?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu magari ya spoti yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo: yakishatoka mkono wa kwanza, bei yake inajulikanaje? Zinazofanana tumeziunganisha.

SWALI: Nimeonyeshwa gari lenye kibati kwenye dashibodi, kimeandikwa "212 kati ya 400". Muuzaji anasema kwa idadi hiyo bei haiwezi kushuka. Niamini?

JIBU: Usiamini. Kibati kinakwambia yametengenezwa mangapi. Hakikwambii wanaoyataka ni wangapi, na bei hukaa katikati ya hizo namba mbili.

Tazama magari matatu yaliyoingia sokoni karibu pamoja, kuanzia 2013. McLaren P1 yalitengenezwa 375. LaFerrari yenye paa yalikuwa 499, na baadaye likaongezwa moja lililonadiwa 2016 kusaidia waathirika wa tetemeko la ardhi Italia. Porsche 918 Spyder yalikuwa 918, kama jina lenyewe. Uchache ungekuwa ndio bei, P1 lingewaacha wenzake mbali. Linalouzwa ghali kuliko yote ni LaFerrari, kwa sababu foleni ya wakusanyaji wa Ferrari ilianza kitambo na haijakatika: mwenye 288 GTO, F40, F50 na Enzo, Ferrari zilizolitangulia, anataka mnyororo wake usipungue pete. Na hiyo F40, ilipotoka 1987 zilitajwa takriban gari 400 tu. Zikaishia zaidi ya 1,300, na bado leo nzuri huuzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.

Sasa geuza upande. Jaguar XJ220 yalitengenezwa chini ya 300. Gari la maonyesho la 1988 lilikuwa na injini ya V12 na kuendeshwa na magurudumu yote manne. Lililofika kwa wateja miaka ya mwanzo ya 1990 lilikuwa na V6 yenye turbo mbili na nguvu ya magurudumu ya nyuma pekee. Uchumi ukawa umeyumba, na baadhi ya walioweka amana wakaenda mahakamani kutaka kujitoa. Kwa miaka mingi lilikuwa nafuu kuliko magari yaliyozalishwa mara nne ya idadi yake. Tatizo halikuwa idadi. Lilikuwa ahadi.

Kwa hiyo, kabla ya kibati, uliza ni kitu gani gari hilo linacho ambacho kaka zake wa kawaida hawana. Kikiwa injini, giaboksi, chasisi au bodi nyepesi, thamani ina mguu wa kusimamia. Kikiwa rangi mbili, ushonaji wa viti na stika, ulicholipia ni stika. Kisha uliza swali la pili ambalo wengi hulisahau: je, kiwanda kinaweza kukitoa tena kitu hicho kwa jina lingine? Porsche 911 R ya 2016 ilitengenezwa 991, ikiwa na injini ya lita 4.0 na gia za mkono, bila bawa kubwa la nyuma. Walanguzi wakapandisha bei mara kadhaa ya ile ya kiwandani. Mwaka uliofuata Porsche ikatoa 911 GT3 yenye kifurushi cha Touring: lita 4.0, gia za mkono, bila bawa, na bila kikomo cha idadi. Bei ya 911 R ikashuka sana. Haikurudi kwenye bei ya duka, maana uzito wake mdogo ulibaki wake peke yake, ila walionunua kileleni waliumia.

Jihadhari pia na toleo "la muda maalumu". Hapo kilichofungwa ni kipindi cha kupokea oda; idadi inabaki wazi. Ferrari 458 Speciale yenye paa gumu iliuzwa hivyo. Ile ya wazi, Speciale A, ndiyo iliyofungwa kwa gari 499. Ukisoma tangazo haraka utadhani zote mbili ni mamoja.

SWALI: Nikitafuta bei mtandaoni napata tofauti kubwa mno. Gari lile lile, mwaka ule ule, huyu anataka 390,000, yule 290,000. Nishike ipi?

JIBU: Zote mbili ni bei za mdomo. Tangazo linakwambia muuzaji anatamani nini, basi. Tena tangazo lililokaa miezi minane linakuthibitishia kwamba bei hiyo *haipo*. Tafuta mauzo yaliyokamilika, hasa ya minada, kwa sababu minada mikubwa huchapisha matokeo. Usirudi nyuma zaidi ya miezi 24. Soko la magari haya hugeuka, na bei ya miaka minne iliyopita itakudanganya kwa sura ya ukweli.

Ukishapata matokeo, yavue nguo kwanza. Bei inayotangazwa baada ya mnada kwa kawaida imejumlisha ada ya mnunuzi, ambayo kwenye minada ya ukumbini huwa kati ya asilimia 10 na 15. Muuzaji naye hukatwa kamisheni. Nyundo ya mnadishaji ikigonga kwenye 100, yaani zabuni ya mwisho kabla ya ada, gazeti linaweza kuandika 112 na muuzaji akaondoka na 92. Anayekwambia "ndugu yake na hili liliuzwa 112" anakuuzia ada ya dalali ambaye hayupo.

Tuseme toleo lako ni la magari 500, na kwa miaka miwili umepata mauzo matatu, kwa dola, ada ya asilimia 12 ikiwa ndani:

Gari A: kilomita 6,000, rangi ya kiwandani, mmiliki mmoja. Limetangazwa 336,000, yaani nyundo 300,000.

Gari B: kilomita 31,000, kumbukumbu zote za sevisi, halijapigwa. Limetangazwa 280,000, nyundo 250,000.

Gari C: kilomita 18,000, liligongwa mbele na kupakwa rangi upya. Limetangazwa 224,000, nyundo 200,000.

Lako lina kilomita 19,000 na halina ajali, ila mikanda ya taimingi imepitwa na muda, tairi ni kuukuu, na ufunguo wa pili umepotea. C liweke kando. Linakufundisha tu kuwa ajali hapa inakula zaidi ya robo ya bei. Kati ya A na B kuna kilomita 25,000 na dola 50,000, yaani wastani wa dola 2 kwa kilomita. Kwa hesabu ya mstari ulionyooka lako lingekuwa 274,000. Lakini mstari haunyooki. Kilomita za mwanzo hula bei nyingi, za baadaye hula kidogo: kutoka 1,000 hadi 10,000 anguko ni kubwa, kutoka 40,000 hadi 49,000 hakuna anayejali sana. Shusha hadi 266,000 hivi. Ondoa mikanda na sevisi kubwa 12,000, tairi 3,000, ufunguo na kuuoanisha na kompyuta 1,000. Unabaki na 250,000.

Hiyo 250,000 ndiyo nyundo yako. Ukipeleka mnadani, kwa kamisheni ya asilimia 8 utapokea 230,000, na mnunuzi atalipa 280,000. Katikati pana dola 50,000 ambazo haziingii mfukoni mwa yeyote kati yenu, na ndiyo maana watu wawili wanaoaminiana hukubaliana nje ya mnada kwa 250,000 na kila mmoja akaona amepata. Mfanyabiashara wa magari atakupa chini ya 230,000, maana anabeba hatari ya kulilaza gari miezi sita.

Gari lililoandikwa "halikuuzwa" nalo usilitupe. Zabuni yake ya juu inaonyesha mahali pesa halisi zilipoishia siku ile. Zabuni mbili za namna hiyo zikikaribiana, umeshajua ukuta uko wapi.

Mwisho wa hesabu, angalia nchi. Gari lililouzwa bila kodi kulipwa halilinganishwi na lililolipiwa. Usukani wa kulia au kushoto hubadili idadi ya wanunuzi. Na sheria huweza kufungua soko zima kwa siku moja: Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa hata kama halikujengwa kwa viwango vyake vya usalama, kwa hiyo Nissan Skyline GT-R R34 za 1999 zilianza kufunguliwa mlango 2024. Wenye kujua kalenda hiyo walinunua mapema.

SWALI: Kuna gari la miaka 15 lenye kilomita 900 tu. Hilo si ndilo bora kuliko yote?

JIBU: Bora kwa nani? Kwa mkusanyaji anayetaka kuliweka kama lilivyo, ndiyo, na atalipa ziada kubwa. Kwa anayetaka kuliendesha, kila kilomita atakayoongeza inachoma ile ziada aliyolipia, na kabla hata ya kuiongeza lazima agharamie matengenezo ya gari lililolala.

Kulala huharibu kuliko kutembea. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata gari likiwa limesimama. Yakiachwa, pistoni za kaliper hushika kutu. Petroli ikikaa huacha gundi kwenye pampu na injekta. Sili za shafti hukauka upande usioguswa na oili, kisha huvuja wiki ya kwanza gari linapoanza kutumika. Mikanda ya taimingi huhesabiwa kwa miaka pia, kwa kawaida mitatu hadi mitano, na kwenye Ferrari kama F355 injini nzima hushushwa ili kuifikia. F40 ina matangi ya mafuta yenye mifuko ya mpira ndani. Mpira huzeeka, na hubadilishwa takriban kila miaka 10. Muuzaji akisema "halijawahi kuhitaji kitu", elewa kwamba halijawahi kufanyiwa kitu.

Tairi huonekana bila hata kufungua boneti. Ubavuni tafuta herufi DOT na mwishoni mwake tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. 3511 ni wiki ya 35 ya 2011. Soma zote nne, kwani mara nyingine moja hutofautiana na wenzake na hapo pana habari ya kuuliza. Tairi za asili zilizotembea kilomita 900 tu ni ushahidi mzuri kwamba odometa haijaguswa, ingawa peke yake hautoshi. Mwambie muuzaji azihifadhi zije pamoja na gari, ila usitoke nazo barabarani. Mpira uliokomaa hauna mshiko, na gari la nguvu za farasi 600 halisamehe.

Kama huna uamuzi wa kuliweka bila kuligusa, tafuta lenye kilomita 10,000 hadi 25,000 na bahasha nene ya risiti. Likitumika kidogo kila mwaka thamani yake hutetereka kidogo, na wanunuzi wake ni wengi.

SWALI: Nitajuaje kama limewahi kugongwa, na vifaa vyangu ni macho tu?

JIBU: Nunua au azima kipima unene wa rangi. Kwenye chuma na alumini, rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 90 na 150, ingawa viwanda hutofautiana na toleo lenye rangi ya tabaka nyingi linaweza kuzidi. Kinachosema kweli ni ulinganifu kuliko namba yenyewe: pima kila paneli sehemu tano, kushoto ukilinganisha na kulia. Mlango mmoja ukisoma 120 na mwingine 280, wa pili umepakwa upya. Ukifika 800 au zaidi, chini yake kuna puti.

Tatizo ni kwamba magari mengi ya aina hii yana bodi ya nyuzi za kaboni, na kipima cha kawaida hakisomi chochote juu ya kaboni. Panahitajika kile cha mawimbi ya sauti, ambacho ni ghali zaidi na kinataka mtu anayekijua. Macho yako sasa yanapata kazi. Kwenye F40 rangi ya kiwandani ilipulizwa nyembamba kiasi kwamba ukiinamisha kichwa ubavuni mwa mlango, mwanga ukija kwa mshazari, unauona msuko wa nyuzi chini ya wekundu kama mkeka chini ya shuka. F40 inayong'aa laini kama kioo, bila msuko wowote, imepakwa rangi upya. Huenda si kwa sababu ya ajali, lakini umeshapata swali la kwanza la kuuliza.

Kisha fungua boneti na buti. Vichwa vya bolti za bawaba vikiwa vimechubuka rangi, paneli imewahi kufunguliwa. Tazama stika za kiwandani ndani ya milango na chini ya boneti. Gari likipakwa upya, stika nyingi hazirudi. Taa zina tarehe ya kutengenezwa. Moja ikiwa changa kuliko gari kwa miaka minne, jiulize ya kwanza ilikwenda wapi. Mwisho linyanyue. Chini ya gari ndiko waongo wavivu hawafiki: sakafu ya kaboni iliyokwaruzwa ni kawaida, iliyopasuka na kufunikwa kwa rangi nyeusi ni sababu ya kuondoka.

Chasisi ya kaboni ikiwa imejeruhiwa, usisikilize neno "imerekebishwa vizuri" bila barua ya kiwanda au ya karakana iliyoidhinishwa nacho. Ukarabati unaweza kuwa mzuri kabisa, lakini mnunuzi atakayekufuata ataitaka barua ile ile, na usipokuwa nayo atashusha bei.

SWALI: Fundi anasema kompyuta ya gari itatuambia kama injini iliteswa. Inasema nini hasa?

JIBU: Kwenye Porsche za miaka ya karibuni inasema mengi. Kompyuta ya injini huhesabu mara ambazo mzunguko ulipita kikomo, na huzipanga kwa madaraja, kwa kawaida sita. Daraja la kwanza na la pili ni dereva kugusa kikomo akiwa ameongeza mwendo, hayo hayatishi. Madaraja ya juu, la nne hadi la sita, ni kosa la kubadili gia: alitaka ya nne akaingiza ya pili, magurudumu yakaizungusha injini kupita uwezo wa valvu. Pamoja na hesabu hiyo huandikwa injini ilikuwa na saa ngapi za kazi tukio lilipotokea. Tukio la saa 60 kwenye injini yenye saa 700 leo limeshathibitika halikuua kitu. Tukio la wiki iliyopita ni jingine: hapo dai kipimo cha uvujaji wa silinda kabla ya kusema bei.

Saa hizo zina kazi ya pili. Gawanya kilomita kwa saa. Gari lenye kilomita 8,000 na saa 200 lina wastani wa kilomita 40 kwa saa, jambo la kawaida. Kilomita 8,000 kwa saa 900 hazipo, isipokuwa odometa imerudishwa au kifaa kimebadilishwa.

Ukiwa hapo hapo, uliza breki. Diski za kaboni na seramiki huchakaa bila kuonyesha ukingo kama za chuma. Nyingi zimeandikwa uzito wa chini unaoruhusiwa. Fundi huzifungua, huzipima kwenye mizani, kisha hulinganisha. Diski nne mpya zinaweza kugharimu bei ya gari dogo jipya, kwa hiyo hili si la kuachia "zinaonekana nzuri".

SWALI: Lenye gia za mkono ni ghali sana kuliko la gia za usukani, zile za vibonyezo nyuma ya usukani. Nikinunua la usukani nikalibadilisha, si nimepata faida?

JIBU: Umepata gari tamu la kuendesha. Bei ya lile jingine hukuipata. Ferrari za V8 ya katikati ziliacha kutoa gia za mkono 458 Italia ilipotoka 2009, na F430 za mkono zilikuwa chache, hivyo wanaozitafuta wanatafuta zilizotoka kiwandani hivyo. Rekodi ya kiwanda ya chasisi yako itaendelea kusema giaboksi ya kwanza ilikuwa ipi. Kazi ikiwa safi na vipuri ni vya kampuni yenyewe, utapandisha bei kiasi. Tia akilini kwamba wakusanyaji wakali hawatakupigia simu. Vipuri vilivyotolewa viweke vyote, hadi waya.

SWALI: Kitabu cha sevisi kimepotea lakini gari ni zuri. Kinapunguza kiasi gani?

JIBU: Kitabu chenyewe kinapunguza kidogo, historia iliyokuwa ndani ndiyo inapunguza sana. Na historia mara nyingi inaweza kujengwa upya. Anza na namba ya chasisi: omba kwa wakala aliyeidhinishwa kumbukumbu za kazi zilizofanyika chini ya namba hiyo. Andikia gereji zilizotajwa kwenye risiti zozote ulizonazo. Kusanya ripoti za ukaguzi wa lazima wa magari kama nchi lilikotumika ina utaratibu huo, kwa sababu kila ripoti hubeba kilomita na tarehe. Panga yote kwa mfuatano wa tarehe kwenye karatasi moja. Kilomita zikipanda bila kurudi nyuma hata mara moja, umeokoa sehemu kubwa ya bei.

Kisha thibitisha namba: chasisi, injini, giaboksi. Magari haya hulipiwa kwa "namba kulingana", maana yake injini iliyomo ndiyo iliyotoka nalo kiwandani. Ferrari ina kitengo chake cha Classiche, kilichoanza 2006, ambacho hukagua gari na kulitolea kitabu cha uthibitisho kama vipande vyake ni sahihi. Kwa Ferrari kongwe za thamani kubwa kitabu hicho kinabeba uzito mnadani. Kwa gari la miaka mitano si lazima.

Usidharau vikorokoro. Ufunguo wa akiba, begi la zana, turubai la kufunikia, mabegi yaliyoshonwa kwa ajili ya gari, ankara ya kwanza yenye orodha ya vilivyoagizwa. Baadhi ya Ferrari za miaka ya 1990 zilikuja na ufunguo mwekundu wa msimbo ambao ndio mama wa funguo nyingine. Ukipotea, kuoanisha mpya ni kazi ya kompyuta na pesa. Vitu kama hivi kila kimoja ni kidogo, lakini vikikosekana vyote pamoja mnunuzi huacha kuhesabu vitu na kuanza kumhesabu mmiliki.

SWALI: Nimepewa nafasi ya kununua jipya toleo dogo, ila mkataba unanikataza kuliuza kwa miaka miwili. Ni halali, na je, inafaa?

JIBU: Masharti hayo yapo na hufuatiliwa. Ford iliweka katazo la miezi 24 kwa Ford GT iliyoanza kutoka 2016, na 2017 ikamshtaki mnunuzi aliyeliuza lake mapema. Wakamalizana mwaka uliofuata. Kampuni nyingine hazikushtaki, zinakutoa tu kwenye orodha ya toleo lijalo, na adhabu hiyo mara nyingi ni nzito zaidi. Mpe wakili asome kipengele kinachosema nini kinahesabika kuwa kuuza: kulihamishia jina la kampuni yako au la ndugu linaweza kuhesabiwa pia.

Kuhusu kufaa: piga hesabu kana kwamba hutauza mwaka wa kwanza, kwa sababu hutauza. Weka bima, kodi, hifadhi, sevisi ya kila mwaka, na riba ya pesa zako zilizolala humo. Ikiwa gari lazima lipande asilimia 15 kwa miaka miwili ili tu ubaki ulipokuwa, hujanunua uwekezaji. Na subira inaweza kuwa ndefu kuliko mkataba. Porsche Carrera GT, gari 1,270 badala ya 1,500 zilizopangwa, ilikaa miaka chini ya bei yake ya kwanza kabla ya kupita dola milioni moja. Lexus LFA, gari 500 kati ya 2010 na 2012, zilikuwepo mpya dukani Marekani miaka kadhaa baada ya kiwanda kufunga. Leo bei yake ni juu sana ya zile dola 375,000 za mwanzo, lakini aliyenunua kwa mkopo hakuifikia hiyo leo.

SWALI: Gari langu lina ekzosi ya sauti kubwa na rimu nyingine. Nirudishe za asili kabla ya kuuza?

JIBU: Rudisha. Ulicholipia kubadilisha hakirudi kwenye bei. Pasipo vipuri vya asili, mnunuzi ataondoa gharama ya kuvinunua vipya, na kwenye toleo dogo ekzosi au rimu za toleo hilo pekee huenda hazitengenezwi tena. Kama rimu za asili zimekwaruzwa, ziache hivyo mpaka mnunuzi azione: wengine hupendelea mkwaruzo wa asili kuliko rimu iliyopakwa upya rangi isiyofanana. Ile ekzosi ya kununua iuze peke yake. Na kama ya asili iko kwenye boksi na huna muda wa kuifunga, piga picha namba ya kipuri iliyogongwa kwenye bomba lake na uiweke kwenye tangazo, pamoja na namba zilizo nyuma ya kila rimu.